Gidamu

Fundi Nderingo hakunijibu.
Aliniambia nilete bati.
Nikaleta pipa tupu la mafuta kutoka Kiborloni,
tukalikata vipande, urefu wa kidole,
kila kipande matundu manne,
kila tundu ukanda wa ngozi ya mbuzi
niliyemla Pasaka.

Swali langu lilikuwa la darasani:
kwa nini Ulaya ya kale iliyaacha mavazi ya magamba,
vibati vilivyopandana kama ngozi ya perege
wa Nyumba ya Mungu,
kila kimoja kikimfunika mwenzake nusu?
Kitabu kilisema: yalipitwa na wakati.
Kitabu husema hivyo kikichoka.

Wiki tatu tulifunga.
Vibati mia nne na kumi na viwili.
Najua, kwa sababu kila kimoja kilinikata.
Mama Aikande alipita na sufuria ya mtori,
akatazama, akasema:
"Hili si vazi. Hili ni deni."

Tukamvisha mwanawe, Ombeni.
Akasimama mbele ya karakana kama bwana wa vita,
bodaboda wakampigia honi.
Nderingo akachukua ufito wa mbuni.
Begani: kah! Hakuna kitu.
Kifuani: kah! Hakuna kitu.
Kisha akainama kama anayeokota msumari
akausukuma ufito kutoka chini kwenda juu,
polepole, bila chuki,
nao ukapita kati ya bati na bati
kama barua chini ya mlango.

Ombeni akasema, "Aa."
Mimi nikaandika.

Masika ikaingia. Mlima ukajificha siku kumi na moja.
Vazi lilining'inia ukutani, kwenye msumari,
ngozi ikavimba, ikanuka,
panya wakaijua.
Usiku wa kumi na mbili ukanda mmoja ukakatika
(kamba hukatikia pabovu)
na gizani tukasikia ti, ti, ti-ti, ti,
kama mtu anayehesabu chenji
kwa mteja asiyemwamini.

Asubuhi Nderingo alisimama juu ya rundo lile.
"Kiatu hufa kwa gidamu," akasema,
"soli ikiwa bado nzima."

Ndipo akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga.
Ndani yake mkufu wa bibi yake,
kazi ya babu, iliyofuliwa Mamba,
pete ndogo kuliko dengu.
Akaumimina kiganja hiki hadi kile
ukateleza kama maji ya mfereji.
"Tafuta kamba humu."
Nilitafuta. Chuma kimeshika chuma, basi.
"Ikikatika moja, imekatika moja.
Ikipata kutu, isugue kwa mchanga.
Wenzako wa Ulaya walikuwa na deraya ya namna hii,
wangehangaika na ngozi ya nini?"

Nikamwambia yaliyofuata:
matanuri yalivyokua, mito ikatwishwa nyundo,
bonge la chuma likatosha kifua kizima,
na mfungaji wa vibati akabaki na sindano yake.

Akanyamaza.
Barabarani lilipita toroli la majembe ya kiwandani,
mapya, yenye nembo, yamefungwa kumi kumi.
Aliyafuata kwa macho mpaka kona ya kanisa.
"Chuma cha mle chepesi," akasema.
Halafu: "Lakini bei."

Wanafunzi wangu waliniuliza waandike nini kwenye mtihani.
Niliwaambia waandike kilichomo kitabuni.
Nina kibati kimoja mfukoni, hunichoma nikikaa.

Vilivyobaki Mama Aikande amevitundika
kwenye shamba la ulezi, kufukuza ndege.
Vinalia upepo ukishuka mlimani.
Kamba ameweka ya nailoni.