Asilimia

Sikudhani Ngatunga, miaka thelathini na nane,
kiwanda cha magunia, Barabara ya Pugu.
Rola ilimnasa mkono wa kushoto mwaka juzi, zamu ya usiku.
Mfupa umeunga. Picha ya eksirei ninayo hapa,
nyeupe, nadhifu, haina la kusema.

Mwajiri kaandika kwa wino wa bluu: *Amepona. Hataki kazi.*
Wakili wa kiwanda anadhani. Bima nayo inadhani.
Yeye jina lake ni Sikudhani.

Ameniomba nizime feni.
Upepo wake, anasema, ni pilipili kwenye kidonda,
na kidonda hakipo.
Joto la Februari linatukalia wote wawili,
ila mkono ule ni wa baridi,
unang'aa kama ganda la kitunguu.
Napima: nyuzi mbili pungufu.
Kiwiko hadi kifundo, msuli umesinyaa.
Kucha zimekua ovyo, zimepinda.
Haya nayaandika. Haya yana rula.

Kisha namgusa kwa pamba.
Pamba tu,
na macho yake yanakimbilia ukutani,
kwenye kalenda ya duka la dawa.

"Sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?"
"Daktari, ugali nausonga kwa mkono mmoja,
sufuria ananishikia mtoto wa miaka saba.
Hiyo ni ngapi?"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema.
Hawakusema maiti naye apange foleni,
alete nakala tatu, picha mbili za pasipoti
na barua ya mwenyekiti wa mtaa, Kiwalani.

Kitabu changu kinajua kidole kilichokatika,
kila pingili na bei yake.
Angekipoteza, ningemaliza kabla ya chai.
Kosa lake ni kuja na vyote vitano.

Kisanduku cha mwisho kinataka namba moja.
Naandika kumi na tano. Nafuta.
Naandika thelathini, namwona wakili akicheka, nafuta.
Karatasi imechakaa hapo, imekuwa laini kama kope.
Upande wa pili wa meza
amejitandia khanga, kaiinua kwa mkono mzima
iwe hema juu ya ule mwingine, isiuguse.

Nainama, napuliza vumbi la raba,
pumzi ndogo, ya kawaida,

naye anauvuta mkono.