Vuta, Kisha Achia

Katika pori la Mto Kessick injini ni marufuku,
hata ile ndogo ya msumeno.
Ndiyo maana Verna Lindqvist, mwenye miaka sabini na mmoja,
alibeba msumeno wa mipini miwili, mrefu kuliko yeye,
meno yamevikwa kipande cha mpira wa zimamoto,
nao ukimyumbia begani kama samaki aliye hai.
Mimi nyuma: shoka, kabari tatu,
na chupa ya mafuta ya taa iliyovuja kwenye mkate.

Mto ulikuwa kushoto, rangi ya chupa,
ukizozana na mawe yaleyale.
Mierezi ilisimama. Sina neno jingine.
Ilisimama kabla hajazaliwa yeyote
aliyeuchora mto huu kwenye ramani.
Tulikanyaga polepole,
kama waingiao chumba alimolala mtoto mchanga.

Maili ya nne tukaukuta,
umelala kukata njia, mizizi juu,
kokoto zingali zimeng'ang'ania kwenye vidole vyake.
Verna akaupiga kofi, kama apigwavyo ng'ombe mgongoni.
"Februari," akasema. "Ile dhoruba."
Akanionyesha mpini wa pili.
Mbao ilikuwa imelika pale kiganja cha Orrin kilipokaa
majira ya joto thelathini na manne.
Nikashika hapohapo. Hapakuwa na pengine.

Nikavuta. Nikasukuma. Chuma kikajikunja, kikakwama.
"Nani kakwambia usukume?
Vuta, kisha achia. Kurudi ni kazi yangu."

Achia! Rahisi kusema.
Mikono yangu haijazoea kuamini upande wa pili.
Utomvu ukaganda, tukapaka mafuta ya taa,
tukaanza upya, tukakosana, tukaanza upya,
hadi vumbi likakoma
na mti ukatoa nyuzi ndefu, nyekundu,
zenye harufu ya penseli siku ya kwanza ya shule.

"Taratibu, Orrin," akasema,
macho yako kwenye mkato.

Mto haukunyamaza. Ndege wa kijivu
aliendelea kuchuchumaa na kuinuka juu ya jiwe lake.
Sikumsahihisha.
Nilivuta,
kisha nikaachia.

Kipande kilipodondoka, ardhi ilitikisika hadi magotini.
Tukakisukuma kwa miguu, tumekaa kitako kama watoto,
kikabingirika kwenye majani na kutulia.
Mkate ulinuka mafuta ya taa.
Tuliumaliza wote.