Vidole Viwili

Daftari ni lile la madeni ya mkaa.
Nimeligeuza kichwa chini, nikaanzia nyuma:
Kampala, Desemba, watu watano.
Basi kutoka Tororo: Awor nitampakata, halipiwi.
Kulala: kwa dada yangu Kireka, sakafuni, neti tunabeba.
Kiingilio: nimeandika, nimefuta, nimeandika tena
mpaka karatasi imetoboka pale kwenye sifuri ya mwisho.

Ochwo anasema mtu halipi ili azungushwe,
kizunguzungu kipo hapa bure kila mwezi ukielekea kwisha.
Lakini ndiye aliyeleta tangazo,
kalikunja mara nne mfukoni mwa shati la kazi.
Gurudumu refu kuliko kanisa letu,
boti zenye shingo za bata,
reli inayopanda, inayopinda, inayojitupa,
na juu yake watoto wameachama,
hujui wanacheka au wanaita mama.

Nyaketcho, miaka minane, alilisoma hadi maandishi madogo.
"Chini ya mita moja na sentimita kumi, haruhusiwi relini."
Tukamwangalia Obbo.
Obbo akajiangalia.

Basi fremu ya mlango ikawa ofisi.
Utepe wa fundi cherehani, penseli, kitabu cha nyimbo utosini,
visigino ukutani, usijinyanyue, nimesema usijinyanyue.
Vidole viwili vimepungua.
Vyangu, si vya baba yake.
Hiyo ilikuwa Agosti.

Tangu hapo mtoto anakula kama kibarua:
maharage, njugu za kusaga, ukoko wa sufuria.
Analala amenyooka kama rula,
na nikienda kumfunika usiku
nakuta nyayo zake zinausukuma ubao wa kitanda.
Septemba tulimnyoa, tukarudi nyuma.
Oktoba, unene wa mstari wa penseli.
Oktoba hiyohiyo Awor akapata malaria
na kopo la akiba likalia kama debe tupu.
Niliuza jogoo. Sikumwambia mtu bei.

Baba yao kazi yake ni mizani ya malori, Malaba.
Miaka kumi na mmoja anawarudisha waliozidi:
hata kwa gunia moja, geuza gari, hakuna cha ndugu.
Hajawahi kumrudisha mtu kwa kupungua.
Jioni anakunywa chai amesimama, karibu na mlango,
akiutazama ule mstari kama risiti isiyoeleweka.

Novemba nikanunua viatu sokoni, mtumba, soli nene.
Obbo akavivaa, akasimama, akapita!
Akapita na nafasi ya ziada!
Akaruka mpaka bibi wa nyumba ya pili akauliza nani kazaliwa.

Usiku nilisoma tena yale maandishi madogo.
Chuma cha kufunga kifua, yalisema.
Cha kufunga kifua.
Nikavitoa viatu kwenye begi.
Nikavirudisha.
Nikavitoa.

"Viache," Ochwo akasema gizani, nami nilidhani kalala.
"Lori haliwi jepesi kwa kupakwa rangi.
Nitabaki naye chini. Tutapanda bata.
Na lazima mtu ashike mifuko."
Alisema haraka, haraka mno,
mume wangu, aliyewahi kulipa kijana apande kupigilia bati
huku yeye akishika ngazi kwa mikono miwili, macho kafumba.
Nikaiuma blanketi nisicheke.

Kisha nikawasha tochi ya simu, nikafungua daftari.
Bata: Ochwo, Obbo, Awor.
Reli: Nyaketcho, na mtu mzima mmoja.
Nikahesabu tena tuliobaki.
Nikaandika Nyafwono, jina langu,
mimi ambaye sijapita juu kuliko ghorofa ya benki,
na ile herufi ya kwanza
ikatoka imepinda.