Hamsini na Mbili

Lori la mbele lakwenda hamsini.
Linalolipita, hamsini na mbili.
Najua, maana nimeyafuata tangu Gongoni
na mshale wa gari langu umeganda hapo
kama mjusi aliyemeza nzi mkubwa.

Yote mawili yamebeba chumvi.
Yameshikana mabega, yameijaza barabara
kama mashangazi wawili wenye ugomvi wa mirathi
wamekutana mlangoni, na hakuna wa kurudi nyuma.
Moja limeandikwa mgongoni:
MWENYE HARAKA ALIONDOKA JANA.
Na hao watokao Malindi wanaiacha lami wenyewe,
bodaboda na magodoro yake,
muuza maandazi na baiskeli yake,
wanateremkia mchangani bila kuambiwa,
kama watu wanaopisha jeneza.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Hasira yangu hutoka kwa tarakimu.
Kesho yake nikaandika ubaoni:
mita arubaini za kupita na kurudi njiani,
tofauti ya mwendo, kilomita mbili kwa saa.
Jibu: sekunde sabini na mbili.
Njia iliyoliwa upande usio wao:
kilomita moja na ushee.
Nikasema, haya, tutunge sheria.

Thoya akataka asiyemzidi mwenzake kwa kumi
asithubutu kupita.
Mbodze akataka malori yatembee usiku tu.
"Usiku nasi twalala," akajibiwa,
"na kwetu ni hatua sita kutoka lamini."
Mwingine akauliza ni nani atakayesimama Mambrui
na saa ya kuhesabia sekunde,
na huyo naye atakula nini.
Kicheko. Hilo pia nikaliandika ubaoni.

Ndipo Jefwa, ambaye hasemi,
ambaye babake hushika mojawapo ya sukani hizo,
akainua mkono nusu.
"Mwalimu, yule wa hamsini na mbili
akitulia nyuma hadi Mombasa,
atachelewa kiasi gani?"

Nikapiga. Kilomita mia na hamsini.
Dakika saba, na hazitimii.
Darasa likaangua kicheko: dakika saba!
Jefwa hakucheka.
"Ghala hufunga geti saa kumi na moja.
Mbele ya baba palikuwa na malori mawili tu.
Akalala chini ya tela siku mbili,
na siku za kulala hazilipwi.
Alirudi na mbu wote wa Changamwe mwilini."

Chaki nilikuwa nayo. Sikujua niandike nini.

Maana kuna na lile la mwaka juzi,
pale kabla ya Mambrui,
bodaboda mmoja hakuwahi kuteremka.
Jina lake silitaji; mamake anajua kusoma.
Yeye pia zilikuwa dakika,
na wala hazikufika saba.

Basi sheria hiyo, niulizeni, tuiandike wapi?
Tuipake rangi nyeupe katikati ya lami,
au tuitundike kwenye geti la ghala
na kwenye daftari la tajiri
anayehesabu safari, hahesabu usingizi?
Wanafunzi wangu walipiga kura.
Kumi na tisa kwa kumi na tisa,
na Jefwa akakunja karatasi yake tupu
akaitia mfukoni.

Leo jioni niko nyuma yao tena.
Daraja la Sabaki haliko mbali,
na wa kulia bado anajikokota,
pua yake ndiyo kwanza imefika mlango wa mwenzake.
Chembe za chumvi zinagonga kioo changu.
Nahesabu kwa sauti: arubaini na moja, arubaini na mbili.
Kwa mbele, taa moja yaja, ndogo, ya pikipiki.

Utingo atoa mkono dirishani,
kiganja wazi, kimeparara kwa chumvi.
Yawezekana ananiambia nisubiri.
Yawezekana anaupoza tu.