Hodi kwa Kalunguyeye

Saa mbili usiku, mji wa Võru, Februari,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
na mimi, mwalimu wa hesabu,
niko chini ya ngazi za shule, katika chumba cha seva
kilichokuwa zamani ghala la viazi.
Bado kinanuka udongo.

Urmo alinirithisha funguo alipohamia Tampere:
funguo, daftari la kurasa nne,
na mashine hii isiyo na mwili,
kompyuta ndani ya kompyuta,
mgeni tumboni mwa mwenyeji.
Watoto wa darasa la sita waliiita Siil,
yaani kalunguyeye.
Kazi yake ni moja: kupiga kengele.

Jioni nilitaka kumlinda.
Nikaandika kanuni za ukuta wa moto,
funga hiki, funga kile,
na kwa mstari wa mwisho nikafunga mlango
niliokuwa nimesimama ndani yake.
Neno langu likakatika katikati ya herufi.
Kalunguyeye akajikunja.

Nikimuuliza mwenyeji, anajibu: mgeni yu hai.
Anakula kumbukumbu, gigabaiti mbili, kama kawaida.
Yu hai, ila hasikii.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema;
huyu nimemlimisha miaka minne,
kisha usiku mmoja nikamjengea ukuta
bila kumwachia dirisha.

Ukurasa wa tatu wa daftari, kwa penseli:
"Kabla ya yote, mpe konsoli."
Kabla.
Neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Õie, anayesafisha sakafu, akachungulia na ndoo yake.
"Amekufa?"
"Hajafa. Amejifungia."
"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo.
Nilikuwa nampitia jikoni."
Akaenda zake, maji yakimwagika kidogo kidogo.

Basi nikampitia jikoni.
Kwanza nikamlaza, taratibu, bila kumkatia umeme ghafla.
Nikaifungua diski yake mezani pa mwenyeji
kama mtu anayepasua boga kutafuta mbegu,
nikalipata faili la kuamkia, nikaandika:
ukiamka, sema pia kupitia waya huu,
bandari ya sifuri,
mwendo laki moja na kumi na tano elfu na mia mbili.
Waya wenyewe haupo. Ni wa kuwaziwa tu,
na kwa waya wa kuwaziwa mwendo haujalishi,
lakini mkono wa mwalimu wa hesabu
haukuthubutu kukosea tarakimu.
Mwisho nikaweka bawabu wa kuuliza majina.

Nikamwamsha. Nikaita konsoli.
Skrini nyeusi.
Dakika ya kwanza nikaanza kutunga barua kwa mkuu wa shule.
Dakika ya tatu nikafika kwenye "kwa masikitiko".
Ndipo nikajiona:
nimesimama kizingitini, mdomo nimeufumba,
nikimnunia mtu asiyejua kwamba nimefika.

Nikabonyeza kitufe cha Ingiza, mara moja.
Hodi.

"Nani?" akauliza bawabu, kwa herufi nyeupe, ndogo.

Nikampa jina, nikampa nenosiri.
Mstari wangu wa mwisho nikaufuta;
ukuta ukabaki, na mlango ndani yake.

Ila kuingia ni elimu moja, kutoka ni nyingine.
Ili utoke, bonyeza Kontroli pamoja na mabano ya kufunga,
na kwenye kibodi zetu mabano yamejificha nyuma ya tisa,
yanadai mkono wa tatu.
Nikapinda vidole, nikapinda kiwiko.
Mwenyeji kanaswa nyumbani kwa mgeni wake.

Ukurasa wa nne, mstari mmoja tu:
"Kutoka: Kontroli na tano. Usiniulize kwa nini."

Sikubonyeza mara moja.
Nikakaa kidogo humo ndani, palikuwa na joto.
Nikamuuliza saa, akaniambia: nne na dakika nane.
Nikamwambia apige kengele, moja tu, ya majaribio.

Juu, kwenye korido tupu,
ndoo ikaanguka.