Sifuri Iliyohesabiwa

Dzintra wa ghorofa ya tatu, muuguzi mstaafu,
alitaka kuhesabu popo.
Ndiyo, popo. Wale wa ngome kuukuu za Liepāja
zinazomong'onyolewa na Baltiki, tofali kwa tofali.
Chombo cha kunasa sauti zao, sauti isiyoingia sikio la mtu,
bei yake yuro mia nne na kumi,
na pensheni yake, tuseme, ilikuwa na shughuli nyingine.

Ndipo akaanza kutafuta ruzuku,
na mimi, kwa kuwa nina printa, nikawa mshirika.

Ya kwanza: mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano.
Akacheka. "Popo hawajaniuliza umri."
Ya pili yataka washirika kutoka nchi tatu.
Ya tatu ina fedha mpaka macho yanauma,
ila kurasa arobaini na mbili, na kwenye ukurasa wa thelathini na nane,
kwa herufi za sisimizi,
kila utakachoandika daftarini ni mali yao.
Ya nne ilimwita "Mpendwa Mshindi" kabla hajaomba,
ikadai yuro tisini za kufungulia faili.
Nilishatoa pochi. Akanishika mkono:
"Mwenye kutoa hatangulizi kupokea."

Nyuma ya kalenda akachora mistari:
fedha kiasi gani, mikesha mingapi ya kuandika,
nani anasoma, nani aliwahi kupewa,
na je, alipewa kweli?
Akampigia simu mtu wa Ventspils aliyepata mwaka juzi;
wakaongea saa nzima, nusu yake kuhusu magoti.
Kisha akaikata ile ya tatu kwa kalamu nyekundu.
"Mikesha kumi na tisa ya kujaza fomu," alisema,
"na huu ni Agosti. Mikesha hiyo hiyo ndiyo wanayoruka."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, najua.
Lakini si lazima alale huko.

Ikabaki moja: mfuko wa marehemu mwoka mikate wa Kuldīga,
yuro mia sita, ukurasa mmoja.
Kisanduku cha kwanza: Wewe ni mtafiti, au msanii?
Alikaa na swali hilo mpaka chai ikaota utando.
Popo naye aliulizwa zamani, hadithi mnaijua:
ndege wakasema ana meno,
wanyama wakasema ana mbawa.
Hakutia alama popote. Pembeni akaandika: Muuguzi.

Swali la mwisho: Utajuaje kwamba umefaulu?
Nikampa maneno niliyookota kwenye fomu nyingine:
athari, uendelevu, jamii.
Akayafuta yote. Akaandika:
Nitakuwa na idadi. Ikiwa sifuri,
itakuwa sifuri iliyohesabiwa.

Jibu lilifika Machi, barafu ikidondoka dirishani.
Mia nne na thelathini, badala ya mia sita.
Hakununa. Akavuta bajeti, akavuta ile kalamu.
Glavu, nje.
Taa ya kichwani, nje.
Posho ya msaidizi (hiyo ilikuwa yangu)
akaizunguka mara mbili, akanitazama, akaikata taratibu,
kama anayebandua plasta.
"Msaidizi," akasema, "Mei, saa tano usiku, utaweza?"

Nikauliza kama huko ngomeni kuna mwanga.
Akasema mwanga ulikuwa mstari wa pili.