Ukuta wa Mashariki, Dundee

Fundi Struan kaniazima kofia ngumu.
"Dakika kumi," asema, "kisha twaziba."
Napanda jukwaa la vyuma, kamera kifuani,
upepo wa Machi ukinipekua mifuko.

Matofali ya juu yameoshwa, mekundu kama ufizi.
Ya chini bado meusi:
moshi wa miaka mia haung'oki kwa brashi.

Hapa walifuma magunia.
Bibi Effie alitoka humu masikio yamezibika,
akatufunza kusema kwa midomo, bila sauti.

Chini ya dirisha, jina limekwaruzwa kwa msumari.
Si lake. Ni la Rennie fulani.
Struan anakoroga chokaa.

Nalenga. Nabonyeza mara moja tu,
halafu, sijui kwa nini,
nauambia ukuta kitu
kwa midomo.